Siku ya kusaini vitabu, na nakala iliyopita mikono ya watu sita

Ukijichapishia kitabu mwenyewe unazoea kuwaona wasomaji wako kama namba. Unafungua ripoti ya mauzo kwenye simu, unaona mwezi huu zimetoka nakala kadhaa, basi, ndo mwisho wa habari, hujui nani kanunua, hujui kama kakimaliza au kakiweka kabatini mpaka leo. Mimi nimeishi hivo tangu kitabu kitoke. Ndo maana hii siku ya jana pale duka la vitabu imenikaa moyoni, yaani leo sijashika kazi nyingine yoyote, nimeona bora niandike kwanza.

Kwa waandishi wenzangu mnaotamani kufanya hiki kitu, nianze na upande wa biashara maana wengi huwa hawausemi. Sisi tusio na mchapishaji maduka mengi yanachukua vitabu vyetu kwa mali kauli, yaani unapeleka nakala zako mwenyewe, zikiuzwa wanakata chao wanakupa chako, zisipouzwa unabeba unarudi nazo. Mgawo uliozoeleka ni duka kubaki na asilimia 40 hivi ya bei ya jalada na mwandishi 60, na hapo kwenye 60 bado hujatoa gharama ya kuprinti wala ya kusafirisha, kwa hiyo piga hesabu mapema kabla furaha haijakupanda kichwani. Na watakuulizia ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, maana mashine ya kaunta inasoma barkodi yenye zile tarakimu 13 (zamani zilikuwa 10, zikabadilika 2007), kitabu kisicho nayo kinawasumbua kukiingiza kwenye mfumo wao. Muandikishane kila kitu, nakala ngapi zimeingia, malipo lini. Mimi dada anayesimamia duka ndo alileta karatasi mwenyewe kabla hata sijaomba, nikajua hapa nipo na mtu anayeiheshimu kazi yake na yangu.

Kuhusu kalamu sasa, msidharau. Nilijaribu kadhaa nyumbani kwenye nakala iliyoharibika kwa printa, maana karatasi ya ndani ya kitabu changu ni ile ya rangi ya maziwa isiyong'aa, inafyonza wino, kalamu ya majimaji inatokea upande wa pili kabisa. Nikaishia kutumia ya jeli, nyembamba, nyeusi. Unasaini ule ukurasa wa ndani wenye jina la kitabu, siyo kwenye jalada, unaacha wino ukauke kidogo ndo unafunga, la sivyo ukurasa wa pili unabeba kivuli cha jina lako. Afu majina! Usiandike jina la mtu kwa kusikia. Asha, Aisha na Aysha ni watu watatu tofauti na kila mmoja ana haki ya jina lake. Nilikuwa na vikaratasi vidogo pembeni, mtu akiwa kwenye foleni anaandika jina lake, au la anayemnunulia, mimi nanakili tu. Wengi walikuwa wananunulia watu wengine kwa kweli, mume, shemeji, mwalimu aliyemfundisha zamani, na ukimuuliza "nimwandikie nini?" hapo ndo anaanza kukusimulia huyo mtu ni nani kwake.

Nilisimama muda mrefu kuliko nilivyokaa. Ukikaa nyuma ya meza watu wanapita kwa mbali kama wanaogopa kuulizwa kitu, ukisimama pembeni ya meza wanasogea, wanashika kitabu, wanageuza nyuma, wanasoma. Kuna kijana mmoja alisoma ukurasa wa kwanza hapohapo mbele yangu amesimama, midomo inacheza kidogo, na mimi najua kila neno analosoma liko wapi, nikawa nasubiri afike pale kwenye mstari wa mwisho nilioubadilisha mara nyingi sana wakati wa kuhariri. Alipofika akafungua ukurasa wa pili. Hakuniangalia wala nini. Jamani, sijui niieleze vipi hiyo hisia.

Lakini ninayetaka kumwandika hapa hasa ni mama mmoja mtu mzima. Alikuja hajashika nakala mpya. Nikamwamkia, akaitikia, akafungua mkoba akatoa kitabu changu kimechoka kabisa, mgongo umeshikiliwa na selotepu, kona za kurasa zimekunjwa kunjwa, mahali pengine kuna mistari ya penseli. Akaniambia, "Mwanangu, hiki sikununua mimi. Alinunua mdogo wangu, akampa jirani yake, jirani akampa binti yake, mpaka kinanifikia tumeshakisoma watu sita. Nimetumwa."

Alikuwa ametumwa kuuliza kwa nini yule kaka mtu kwenye hadithi nimemrudisha nyumbani bila kumuombesha radhi mama yake. Wamebishana kumbe, wiki nzima, nusu yao wanasema kaka ana kiburi, nusu wanasema aibu ndo imemfunga mdomo, na yeye mwenyewe anaamini kuwa mama hakutaka kuombwa radhi, alitaka mtoto arudi tu. Nilifungua mdomo nianze kueleza nilichokusudia nikaufunga, maana hilo la mwisho mimi sikuwahi kuliwaza, na ni kweli, ukiisoma ile sura vizuri lipo mle ndani. Nikamuuliza yeye maswali badala ya kumjibu. Watu wa nyuma kwenye foleni wakaingilia, ambao hawajasoma wakawa wanauliza kaka gani huyo, ikawa baraza.

Mwisho akaniomba nisiandike jina lake peke yake, niandike ya wote sita kwa mpangilio waliosomea. Akawa anataja na mimi naandika, moja chini ya lingine, mpaka ukurasa ukajaa, saini yangu nikaibana kule chini kabisa pembeni.

Kwenye ripoti yangu hao watu sita ni nakala moja. Najua wapo waandishi wanaosema kuazimana vitabu kunatupunguzia kipato, na kwenye hesabu hawajakosea, kodi hailipwi kwa upendo. Ila mimi nikiambiwa nichague kati ya nakala sita safi zilizolala kabatini na ile moja yenye selotepu, nachagua ya selotepu bila kufikiri.

Kabla ya kuondoka dada wa duka aliniomba nisaini nakala zilizobaki akaziweke rafuni. Hizo unasaini jina lako tu bila kumwandikia mtu, maana ukishaandika "kwa fulani" haziuziki tena kwa mwingine. Malipo tutamalizana mwisho wa mwezi kama tulivyoandikishana.

Na yule mama hakuondoka hivihivi, kaniachia ujumbe wa wenzake kwamba kitabu kijacho wanataka kumuona huyu mama wa kwenye hadithi akiongea yeye mwenyewe, siyo kusemewa na wanawe. Rasimu ninayo, sura ya tatu yupo lakini kweli hasemi kitu. Leo usiku naifungua, naanza na yeye.