Kalenga: kabla hujasimama mbele ya fuvu la Chifu Mkwawa

Makumbusho ya Kalenga ni madogo. Mwenye haraka huyamaliza upesi na kutoka akinung'unika, kwa sababu ameingia bila kujua anatazama nini. Kutoka Iringa mjini ni kama kilomita 15. Beba noti ndogondogo, na mwombe mwongozo aanzie Lugalo, 1891, Wahehe, watu wa Mkwawa, walipokishinda kikosi cha Wajerumani cha Zelewski. Bila hapo, mikuki na bunduki zilizomo ni vyuma tu.

Kisha fuvu. Mkwawa alijiua 1898, Wajerumani wakakikata kichwa. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles, uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia, kiliagiza fuvu lirudishwe, lakini lilifika 1954! Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alilichagua huko Bremen, Ujerumani, kati ya mafuvu mengi kwa kuangalia vipimo na tundu la risasi, ndiyo maana wapo wanaohoji kama ni lenyewe. Uliza, ila kwa adabu. Huyo ni babu wa watu. Ukiruhusiwa kupiga picha, zima flashi na usimame kwa pembeni, kioo kisirudishe mwanga.

Kiwiliwili kiko Mlambalasi, mbele zaidi kwenye njia ya Hifadhi ya Ruaha. Kipangie usafiri wake.