Hopsi Mbeya: uchungu umekaa, Saaz imepata nafasi yake

Hatimaye Cascade, Saaz na Citra, aina tatu za hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), zinalinganishika! Kilichokuwa kinavuruga ni mwinuko. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, na hapo asidi za alfa zilizo ndani ya hopsi hugeuka kuwa uchungu kwa mwendo wa asilimia 60 hivi tu ya ule wa nyuzi 100. Ukitia gramu za resipe ya Ulaya bila kuongeza, bia inatoka tamutamu na lawama zinaiangukia hopsi.

Kwa lita 20 za IBU 30 (kipimo cha uchungu, miligramu kwa lita) zinatakiwa miligramu 600 za uchungu ndani ya bia. Badala ya kukadiria kwamba asilimia 25 ya alfa itafika, huku weka 20. Magnum, hopsi yenye alfa nyingi, 13%, inakuwa gramu 23, Cascade ya 5.5% gramu 55, Saaz ya 3.5% gramu 86. Na hizo 86 ndizo kero yenyewe: majani mengi, yanafyonza maji ya kimea na kuacha ladha ya nyasi mbichi. Huwezi kuionja Saaz kwa haki namna hiyo.

Kwa hiyo uchungu wote utoke kwa Magnum, ichemshwe chungu kimoja, saa moja. Poza hadi nyuzi 80, koroga, gawa ndoo nne za lita 5. Ndoo ya kwanza Cascade, ya pili Saaz, ya tatu Citra, gramu 10 kila moja. Ya nne usitie kitu, ndiyo ya kulinganishia. Funika dakika 20, poza haraka, hamira gramu 3 kila ndoo. Kwenye nyuzi 80 uchungu unaoongezeka ni kidogo, tofauti kubwa inabaki kwenye harufu: Cascade balungi na maua, Saaz mitishamba yenye viungo, Citra pasheni na ndimu. Citra ionjwe mwisho, inafunika nyingine zote.

Mizani isome gramu 0.1, ya jikoni ya gramu 5 haifai kabisa. Kipimajoto kikisoma 94 maji yakitokota, kiache, ni kizima. Wanaokilazimisha kifike 100 wanaharibu hatua zote za kuloweka kimea.

Kutia hopsi kwenye bia iliyokwisha kuchacha kulikuwa kunafuata, lakini kunasubiri. Baridi ya Julai imefika, usiku unashuka chini ya nyuzi 10, na hamira ya laga, bia inayochachuka kwenye baridi, inapenda 10 hadi 13. Pilsner (laga nyepesi) ya Saaz bila friji! Ndoo ikae ndani ya beseni la maji, joto la mchana lisiipandishe ghafla.