Chumvi Ndani ya Tanuri

Hapa Malindi chumvi haipatikani kwa taabu, kwani mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni yako jirani upande wa kaskazini, na hiyo ndiyo ninayoitupa motoni ninapochoma vyombo vyangu vya udongo ili vipate mng'aro. Mbinu hii asili yake ni Ujerumani, katika bonde la mto Rhine, nayo hudai moto mkali kuliko ule wa vyungu vyetu vya kupikia: tanuri hufikia nyuzi 1,200 za Selsiasi au zaidi, na kwa kuni za mvinje hiyo ni kazi ya mchana na usiku. Hapo chumvi hugeuka mvuke, sodiamu yake ikaungana na silika, yaani madini ya mchanga, iliyomo katika udongo, na chombo kikavikwa ganda la kioo lenye vijinundu kama ngozi ya chungwa. Moshi wake una asidi ya haidrokloriki, hivyo tanuri langu liko mbali na nyumba za watu.

Kwa kuwa mvuke hushika kila kitu, chombo kisipoinuliwa hugandamana na rafu. Mimi huviweka juu ya makombe ya pwani yaliyojazwa udongo unaostahimili moto. Kombe likiungua huwa chokaa, ambayo humumunyika ikitiwa maji na kuacha alama ya mistari yake kitakoni. Wapo wanunuzi wanaoiona kasoro, bali mimi naipenda kuliko mng'aro wenyewe. Matofali ya ndani nayo huliwa na chumvi kidogo kidogo, na gharama hiyo naitia katika bei ya kila gudulia.