Kumbe shida haikuwa tumbo, ilikuwa mlangoni

Miaka minne choo kigumu, nimekula mapapai mpaka basi, nimekunywa dawa za kulainisha, wapi! Huku Uingereza nikapelekwa kupimwa presha ya njia ya haja kubwa, wanaingiza kamrija kembamba kenye sensa, unaambiwa bana, kohoa, sukuma (aibu ya dakika tano tu jamani), hatua zilezile za mwongozo wa kimataifa wa kipimo hiki, ule wa London wa 2020, halafu unawekewa humo ndani puto la maji mililita 50 ulisukume nje mwenyewe, langu likagoma kabisa. Grafu ikaonyesha nikisukuma, misuli ya mlango wa haja kubwa inabana badala ya kulegea. Basi nikaanza mazoezi ya biofidbaki, naangalia kwenye skrini misuli inavyobana, najifunza kuilegeza, nyumbani naweka kigoda chini ya miguu, ilipofika wiki ya kumi naenda bila kukunja uso.