Msimu wangu wa kwanza kwenye baiskeli za kulipwa: chupa, upepo na chakula

Anayetoka kwenye mashindano ya vijana chini ya miaka 23 amezoea kuwinda ushindi wake mwenyewe. Kwenye timu ya kulipwa, kazi yangu ya mwaka wa kwanza ilikuwa nyingine kabisa: kumfikisha kiongozi wa timu kwenye kilomita 30 za mwisho akiwa hajapigwa na upepo, ameshiba na ana maji. Mazoezi yangu yote niliyapanga kwa kazi hiyo.

Chupa ndizo zilizonifundisha zaidi. Safari moja ya kwenda kwenye gari la timu, linalofuata nyuma ya kundi la waendeshaji, ni chupa 7 au 8 za nusu lita, yaani zaidi ya kilo 4 unazoongeza juu ya baiskeli ambayo UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, inataka isipungue kilo 6.8. Kabla ya kurudi nyuma nataja redioni idadi na aina, maji matupu au yenye wanga, ili fundi aliye kiti cha nyuma azipange mapema. Narudi nyuma kundi likiwa limetulia na barabara ikiwa pana. Mlima ukikaribia siendi, kwa sababu ukiwa na mzigo ule utabaki nyuma wenzako wakianza kupanda.

Zipu ya jezi hufungwa kwanza mpaka shingoni. Kisha najaza mifuko, halafu vishikio vya kwenye fremu, na zinazobaki nazitumbukiza mgongoni kupitia kwenye kola. Ukianza na mgongo, jezi inakaza na mifuko haifunguki tena. Kupokea chupa ni kitendo cha mara moja: anayeing'ang'ania ili gari limvute hupigwa faini na waamuzi.

Kurudi kundini ndiko kugumu. Napita kutoka nyuma ya gari moja hadi jingine, lakini naendesha usawa wa pembe ya bampa, si katikati yake. Ukijificha katikati huoni mbele, na dereva akikanyaga breki unaingia kwenye kioo. Kwa uzito ule breki nazo zinahitaji nafasi ndefu kidogo, hasa konani. Nikifika, chupa ya kwanza ni ya kiongozi, hata kama kuna mwenzangu aliye karibu zaidi.

Upepo una hesabu yake. Ukipiga kutoka kushoto, kinga iko nyuma ya mwenzako upande wa kulia, hivyo waendeshaji hujipanga mshazari mpaka ukingo wa barabara. Barabara ya kawaida huchukua watu 10 hadi 15 tu katika mshazari mmoja. Wa 16 hana kinga. Anaburutwa ukingoni, anatoa nguvu nyingi kuliko walio mbele, na mwisho anaachia. Nikiukosa mshazari wa kwanza sing'ang'anii ukingoni. Naita wawili watatu walio karibu tuanzishe wa pili mara moja, kabla pengo halijafunguka.

Ndiyo maana nasogea mbele mapema, kilomita kadhaa kabla ya kona inayogeuzia kwenye upepo, wakati kundi bado limetanuka na pembeni kuna njia. Wageni wengi hungoja mpaka dakika ya mwisho, na hapo barabara imekwisha kujaa. Kukaa mkiani nako si kupumzika. Kila kona walio nyuma hufunga breki karibu wasimame, kisha hukimbia kwa nguvu kuziba pengo, wakati wa mbele wamepita bila kupunguza mwendo. Mbio za saa tano zina kona nyingi sana.

Chakula nilikifanyia mazoezi kama mlima. Lengo ni gramu 90 za wanga kwa saa, na siku ngumu hadi 120. Glukosi peke yake utumbo huimudu kama gramu 60 kwa saa, kwa hiyo kinywaji lazima kichanganywe na fruktosi, ambayo hufyonzwa kwa njia yake. Nilianza na gramu 60 kwenye mazoezi marefu, nikaongeza 10 kila wiki. Anayerukia 100 siku ya mbio huishia kujaa tumbo na kutapika. Saa yangu hulia kila baada ya dakika 20, na ikilia nakula gramu 30, njaa iwepo isiwepo. Jeli nzito bila maji hukaa tumboni. Siku za baridi ndizo hatari zaidi, kwa sababu kiu haisikiki na vidole vilivyokufa ganzi havifungui pakiti; natoboa pakiti zote kidogo kabla ya kuanza.

Kwenye siku za milima za mbio za siku nyingi, kazi ikishaisha, naachia mapema na kwa utulivu ili niingie kwenye kundi la nyuma, la wanaotaka tu kumaliza ndani ya muda wa ukomo, yaani muda ambao anayeuzidi huondolewa mbioni. Ukiachia ukiwa umechoka kabisa utabaki peke yako, na muda huo huhesabiwa kwa asilimia ya muda wa mshindi.

Kuhusu mkataba: kwa timu za ngazi mbili za juu, anayeingia mara ya kwanza akiwa kijana hupewa angalau miaka miwili. Ngazi ya tatu UCI haijaweka kima cha chini cha mshahara, kwa hiyo bima na gharama za safari zisomwe mstari kwa mstari.

Na ukiwekwa kwenye orodha ya wanaopimwa dawa za kuongeza nguvu nje ya mashindano, unataja saa moja ya kila siku utakapopatikana. Kukosekana au kukosea taarifa mara 3 ndani ya miezi 12 ni kosa kamili la dawa, hata kama hujameza chochote. Mimi huchagua saa ya alfajiri, nikiwa bado kitandani, na safari ikibadilika narekebisha taarifa kabla hata sijafunga begi.