Hita ya wati 2,000 haina kazi huku kwetu Makete

Kamwene wote. Tangu tuhamie huku shambani, juu ya barabara, ambako nguzo za umeme hazijafika, watu wananiuliza swali lilelile: Juni na Julai mnaota moto wa nini? Wanaoijua Makete, wilaya ya baridi mkoani Njombe, wanajua kwa nini wanauliza. Kuna asubuhi sakitu (umande ulioganda kuwa barafu) imelala juu ya majani ya viazi, na kitasa cha mlango hukishiki bila kukunja uso.

Nianze na shemeji yangu wa Dar. Alikuja na hita ya umeme kwenye buti la gari, zawadi ya mama yake, yaani mama mkwe wangu, tunayeishi naye. Moyo mzuri, hesabu mbaya. Hita ile inakula wati 2,000. Inveta yetu, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri ya sola uwe wa kutumia vifaa vya nyumbani, mwisho wake ni wati 1,000, kwa hiyo ingejizima papo hapo. Tuseme tungenunua inveta kubwa. Betri yetu ni ya volti 12, Ah 200 (yaani saa za ampea 200), ya maji ya asidi. Zidisha, unapata wati-saa 2,400, na betri ya namna hiyo ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu. Zinabaki 1,200. Hita inazimaliza kwa dakika 36, kabla hujahesabu kinachopotea kwenye inveta, halafu mnalala gizani na baridi iko palepale.

Tulipochora ramani ya nyumba nilimwambia mume wangu: sola iwashe taa, ichaji simu, iendeshe redio na televisheni. Joto tutalitafuta kwingine.

Fedha ya kwanza haikwenda kwenye kifaa chochote. Ilikwenda kwenye dari. Nyumba ya bati isiyo na dari, hata ukiwasha tanuru, joto linapanda na kutokea kwenye ule mwanya kati ya ukuta na bati. Tuliziba mwanya, tukapiga dari ya mbao za paini, na juu yake tukatandaza yale mablanketi ya nyuzi za kioo ya kuzuia joto lisitoroke (vaeni glavu, yanawasha vibaya). Seremala alitaka tumwage maranda kwa sababu huku kwenye viwanda vya mbao yanapatikana bure. Nikakataa. Bomba la jiko linapita kwenye dari hiyohiyo, na maranda makavu yanangoja cheche tu.

Jiko lenyewe ni la kuni, la pleti nene ya chuma, lina mlango unaofungwa na kidirisha cha chini cha kupunguza hewa. Ndani limejengewa matofali yanayostahimili moto. Fundi wa kuchomelea alilitengeneza kwa mchoro niliompa, na tulibishana sana juu ya bomba. Yeye alitaka litoke ukutani kwa kiwiko, eti linapendeza. Nilitaka linyooke juu, lipite dari na bati, lizidi kilele cha paa, kwa sababu moshi unavutwa vizuri na bomba refu lililonyooka. Tukafuata langu. Pale linapopita kwenye mbao tumeacha nafasi pande zote na kufunika kwa bati, mbao isiguse chuma cha moto.

Kuni zetu ni za miti iitwayo miwati. Paini inawaka haraka, inaisha haraka, tunaitumia kuwashia tu. Miwati tunapasua na kupanga chini ya banda zikauke kwa miezi mingi kabla ya baridi. Kilo moja ya kuni kavu ina joto kama la uniti nne za umeme (uniti moja ni wati-saa 1,000). Ikiwa mbichi unapata karibu nusu, kwa sababu moto unafanya kazi ya kuchemsha maji yaliyomo kwenye gogo kwanza. Anayelalamika jiko lake halitoi joto, mimi namwuliza kuni zake zilikatwa lini.

Na tafadhali, jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala. Kila msimu tunasikia waliolala nalo na hawakuamka. Ile gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa, kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi. Hata jiko langu lenye bomba linahitaji hewa, ndiyo maana baada ya kuziba mianya yote tuliacha tundu moja chini ya ukuta, nyuma ya jiko. Mama mkwe alilichomekea kitambaa mara mbili kabla hajaelewa.

Hita ya gesi ya mtungi tuliifikiria tukaiacha. Kila kilo ya gesi ikiungua inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji, na kama haina bomba la nje mvuke huo unabaki ndani, unalowesha kuta. Ya kupikia inatosha.

Maji ya kuoga ndiyo yaliyonifurahisha. Ndoo ya lita 20 kuitoa nyuzi 14 hadi 40 inataka uniti 0.6 hivi. Betri yangu ingemudu ndoo mbili, na sisi tuko watano. Basi tukaweka mtambo wa jua wa mirija ya kioo, tangi juu, mirija chini. Hauna pampu: maji yakipata moto yanapanda yenyewe na ya baridi yanashuka. Wenye paneli bapa za mabomba ya shaba waangalie sakitu, maji yakiganda ndani bomba linapasuka. Jambo la kumsimamia fundi ni mwelekeo. Huku tuko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na Juni saa sita mchana jua liko kaskazini, nyuzi 32 hivi kutoka utosini. Mirija itazame kaskazini, iinamishwe kama nyuzi 30. Ukiilaza tu kwa mlalo wa paa lolote, utapata maji ya moto Desemba, wakati huyahitaji sana.

Siku za ukungu mtupu tunachemsha sufuria juu ya jiko lilelile la sebuleni, ambalo juu lina bapa la kutosha sufuria mbili.

Mama mkwe, ambaye miguu yake haipati joto hata kwa blanketi tatu, analala na chupa ya mpira ya maji ya moto. Lita mbili za nyuzi 80, zikipoa hadi joto la mwili, zimempa kama uniti 0.1. Shemeji ameahidi kumletea blanketi la umeme la wati 80. Hilo nimemwambia alete, saa moja kabla ya kulala betri inalimudu vizuri.