Moshi wa bluu pale Mwaloni

Leo jioni Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza kando ya Ziwa Victoria, mama mmoja alikuwa anabanika sato. Moshi ukipita mbele ya mtumbwi uliopakwa lami, unauona wa bluu kabisa. Ukipanda hadi usawa wa jua lililokuwa linazama upande wa ziwa, unageuka kahawia kama chai ya rangi. Moshi ule ule jamani!

Mwanafizikia Mwingereza Rayleigh alilipigia hesabu jambo hili mwaka 1871: chembe, kama hizi za moshi, zikiwa ndogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga, ukali wa mwanga unaotawanywa (unaosambazwa kila upande) hupungua kwa kipeo cha nne cha urefu huo. Bluu ni kama nanomita 450, nyekundu 700. Gawanya 700 kwa 450, pandisha kipeo cha nne, yaani jibu lizidishe lenyewe kwa lenyewe, likae mara nne: bluu inatawanywa karibu mara sita zaidi. Ndiyo inayokujia kutoka pembeni. Inayopenya moja kwa moja ni wekundu uliobaki.

Mvuke wa sufuria ya jirani ulikuwa mweupe tu: matone yake ni makubwa, hutawanya rangi zote karibu sawa.

Anga nalo ni la bluu kwa sababu hiyo hiyo ya kutawanywa. Na msiniulize mbona si zambarau, ambayo wimbi lake ni fupi zaidi. Jua hutoa zambarau kidogo kuliko bluu, na macho yetu nayo huiona kwa shida.